Gari la shangazi kesho alfajiri

Salim: Habari za jioni jamani. Kesho alfajiri naenda kulichukua gari la shangazi, lile halijawaka tena. Pikapu nimeazimwa, trela nakodi. Mwenye uzoefu anielekeze maana sijawahi kuvuta gari

Zuhura: Kwani kamba haitoshi? Watu si wanafunga kamba wanakwenda

Mjomba: Kamba hapana Zuhura. Injini isipowaka breki inakuwa ngumu kama jiwe, ule wepesi unaousikia mguuni unatoka kwenye injini, na usukani nao hivyo hivyo. Sasa huyo wa nyuma atasimamaje mwenzake akifunga breki ghafla. Kumtoa mtu kwenye tope sawa, safari ya masaa mawili kwenye lami hapana

Mjomba: Salim hilo trela ni la kupakia gari zima au ni lile dogo linaloinua tairi za mbele tu

Salim: Yapo yote mjomba. Nilikuwa nataka dogo, ni jepesi

Mjomba: Gari la shangazi yako linasukumwa na tairi za nyuma. Ukiinua za mbele za nyuma zinazunguka chini njia nzima, zinazungusha propela, lile bomba refu la chini linalotoka giaboksi kwenda tairi za nyuma, propela inazungusha giaboksi, na giaboksi otomatiki pampu yake ya oili inaendeshwa na injini. Injini imezima, oili haipandi, vyuma vinasagana vikavu. Utafika na gari lenye injini mbovu na giaboksi mbovu. Chukua zima

Mama Salim: Na kama lingekuwa la kuvuta kwa mbele kama langu?

Mjomba: Hapo dogo linafaa dada, tairi zinazohusika na giaboksi zinakuwa juu hazigusi chini, ila handbreki ishushwe la sivyo tairi za nyuma zinaburuzwa. Yale yanayovuta kwa tairi zote nne ni trela zima tu, usibahatishe

Salim: Sawa zima. Kitabu cha pikapu kinasema inavuta kilo 2,500

Mjomba: Soma vizuri, huwa zipo namba mbili. Moja ya trela lenye breki zake lenyewe, nyingine ya lisilo na breki, na hiyo ya pili ni ndogo sana

Salim: Ndiyo, yenye breki 2,500, isiyo na breki 750. Hili letu lina breki. Lakini chuma cha kuvutia kule nyuma kina kibati chake na chenyewe kimeandikwa 2,500

Mjomba: Vizuri umeangalia. Kati ya namba ya pikapu kwa trela lenye breki na ya hicho chuma, ndogo ndiyo unayoifuata. Trela tupu lina uzito gani

Salim: Kilo 1,000. Gari 1,400. Jumla 2,400, limeingia

Shangazi: Salim mwanangu na yale masanduku yangu ya vitabu yapo kwenye buti, usiyasahau

Mjomba: Mangapi

Shangazi: Saba tu

Mjomba: Dada naomba uyatoe leo hii. Sanduku la vitabu ni kilo 20 na zaidi, saba yanatupeleka juu ya 2,500. Na hata yangekuwa mepesi yapo nyuma kabisa ya gari, hapo ndipo pabaya zaidi

Shangazi: Pabaya kivipi jamani, si yamekaa tu

Mjomba: Trela linatakiwa lilalie pikapu kidogo. Katika uzito wote, asilimia 10 mpaka 15 ukae kwenye ile boli ya chuma nyuma ya pikapu inayoshika trela, kwa hesabu ya Salim ni kama kilo 240 mpaka 360. Ukiweka mzigo nyuma trela linanyanyuka mbele, linaning'inia, ukifika mwendo mkia unaanza kucheza kushoto kulia kama samaki na kila likicheza linazidi. Ndiyo maana gari linapandishwa na pua mbele, injini ndiyo nzito. Na hizo kilo 240 pikapu inazibeba mgongoni, kwa hiyo asijaze abiria na mizigo akidhani kilichobebwa ni trela peke yake

Shangazi: Nimeelewa kaka. Nayatoa sasa hivi, yatakuja siku nyingine

Zuhura: Shangazi nakuja kukusaidia kuyashusha

Mjomba: Salim sasa hili lisome taratibu. Kichwa cha trela, kile kinachovaa boli, na boli yenyewe lazima viwe saizi moja, namba imechongwa juu ya boli na ipo kwenye kichwa cha trela. Ukishateremsha kichwa na kufunga komeo na pini, usiamini macho. Chukua jeki ya trela uipandishe. Kama limeshika, utaona nyuma ya pikapu inainuka pamoja na trela. Kama halijashika kichwa kitachomoka kwenye boli hapo hapo mbele yako, na ni heri kichomoke hapo

Mjomba: Nasema hivi kwa sababu mimi yalishanikuta. Niliyemkodi alinifungia mwenyewe akapiga teke akasema tayari. Kumbe kichwa kilikuwa kimekaa juu ya boli hakikuvaa. Nimepita tuta moja nikasikia pwa! nyuma kukawa kwepesi. Kilichoniokoa ni minyororo, ilikuwa imepishana chini kama msalaba, kichwa kikaangukia juu yake kama kwenye kitanda hakikugusa lami. Mikono ilitetemeka nusu saa nzima. Tangu siku hiyo naifunga mimi, inapishana, ilegee kiasi cha kukata kona ila isiburuze chini

Mama Salim: Hukuwahi kutuambia hili

Mjomba: Nawaambieni leo dada

Salim: Asante sana mjomba. Na kulipakia?

Mjomba: Mahali tambarare, trela likiwa tayari limefungwa kwenye pikapu, handbreki ya pikapu juu, kabari kwenye tairi zake. Usipakie trela likiwa peke yake, uzito wa gari ukipanda nyuma litabinuka. Gari likishakaa weka gia ya kuegesha na handbreki, mikanda uikaze kwenye tairi siyo kwenye bampa. Chomeka plagi ya taa, Zuhura asimame nyuma akuambie breki, indiketa kushoto, kulia. Ule waya mwembamba wa breki ya dharura ufunge kwenye pikapu, usiuache unaning'inia. Na asikae mtu ndani ya gari lililobebwa, hata shangazi

Shangazi: 😀 Nitakaa mbele na Salim

Mjomba: Mwendo 80 inatosha. Acha nafasi mara mbili ya unayoacha kawaida. Mteremko shusha gia kabla hujaanza kuteremka, usining'inie kwenye breki mpaka zinuke. Mkia ukianza kucheza USIFUNGE breki wala usipigane na usukani, shika usukani unyooke, achia mafuta polepole mpaka litulie, halafu simama uangalie mzigo

Salim: Nimeandika yote kwenye karatasi

Mjomba: Ukitoka simama kilomita 10 za mwanzo uguse mikanda

—

Salim: 📷 Picha

Salim: Jeki nimepandisha, nyuma ya pikapu ikainuka nayo. Taa zote zinawaka. Tunaondoka

Mama Salim: Mungu awatangulie wanangu

Salim: Tumesimama kilomita 10. Mkanda wa kushoto ulikuwa umelegea, tairi limetulia kwenye nafasi yake ndio ukaachia, nimeuvuta meno matatu ya kikazio chake. Kichwa cha trela nimeshika kwa mkono kina uvuguvugu tu, vitovu vya tairi pia

Mjomba: Sawa kabisa, uvuguvugu ni kawaida. Kikichoma mkono ndio shida. Simama tena kwenye kilomita 50, na simu mpe shangazi yako aishike

Shangazi: Ninayo mimi. Mwendo wetu ni 75, anaendesha vizuri