Vita vya Kagera: lengo lilihama lini, kutoka Kyaka hadi Kampala?

Mto_Ngono: Wakuu, tujadili bila ushabiki. Novemba 1978 kazi iliyotangazwa ni kumfukuza mvamizi, Idi Amin wa Uganda. Aprili 11, 1979 JWTZ (jeshi la Tanzania) wako Kampala, na wengine hawakurudi hadi 1981. Kuna siku lengo lilibadilishwa rasmi, au liliteleza kidogo kidogo? Na mbele ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) lilisimama kwa hoja gani?

Kifaru_Mstaafu: Anza na ramani. Magharibi ya Ziwa Victoria mpaka ni mstari ulionyooka tu, haufuati mto wala mlima. Mto Kagera uko kusini yake, ndani kwetu. Kipande kilicho katikati, takriban kilomita za mraba 1,800, ndicho Amin alichotangaza kuwa chake Novemba 1. Kulipua daraja la Kyaka, lililovuka Mto Kagera, kulikuwa njia ya kuufanya mto uwe mpaka mpya. JWTZ wakatandika daraja la muda, wakavuka, na lengo la kwanza likatimia mapema.

Tatizo likawa Mutukula, mpakani upande wa Uganda. Iko mwinuko, na mizinga iliendelea kupiga kutoka huko. Huwezi kulinda bonde huku kilima ukimwachia adui, ndiyo maana Januari 1979 ikatekwa. Hiyo bado ni ulinzi. Miji ya Uganda ya Masaka (Februari 24) na Mbarara (siku iliyofuata) ni habari nyingine: zilipigwa kulipiza uharibifu wa Kagera, majengo yakabomolewa kwa baruti. Baada ya hapo ilitarajiwa Waganda wamalizie wenyewe.

Mwl_wa_Historia: Na hapo ndipo hesabu ilipogoma. Wapiganaji wa Uganda waliokuwa upande wetu, wa Obote (rais aliyepinduliwa na Amin) na wa Museveni, walikuwa wachache mno kuichukua Kampala peke yao, na umma haukuinuka kama ilivyotarajiwa. Kisha Gaddafi wa Libya akaleta askari wake kumsaidia Amin.

Lukaya, njiani kwenda Kampala, Machi 10: brigedi ya 201, yenye mgambo wengi, iko kwenye barabara inayokatiza kinamasi. Walibya wakafyatua roketi za Katyusha. Makombora mengi yaliwapita juu, lakini askari wageni wa vita wakatawanyika. Usiku ule brigedi ya 208 ikazunguka kinamasi, alfajiri ikatokea kwenye barabara ya Kampala na kumpiga adui kutoka upande asioutarajia. Kwangu mimi, baada ya Lukaya hoja ya kusimama ilikwisha. Mwishoni mwa Machi ukaitishwa mkutano wa Moshi, ikaundwa UNLF, umoja wa Waganda waliompinga Amin, chini ya Yusuf Lule. Serikali ikapatikana kabla mji haujatekwa.

Bukoba_Mjini: Mwalimu, sikubaliani nawe. Nyerere hakumtambua Amin tangu mapinduzi ya Januari 1971, Obote alikuwa mgeni wetu, na Septemba 1972 wapiganaji wake walivuka kutoka huku wakashindwa. Hotuba ya Nyerere ya Novemba 2 inataja uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Haisemi kumpiga mpaka wapi. Nia ni ya zamani, Amin alituletea sababu.

Mwl_wa_Historia: Kutamani aondoke si sawa na kuwa na mpango wa kumwondoa, ndugu yangu. Mwenye mpango wa Kampala angeandaa wapiganaji wa kutosha wa Kiganda mapema.

Sheria_na_Mipaka: Kuhusu OAU: ibara ya 3 ya mkataba ilikuwa mwiba pande zote mbili. Inalinda mipaka, hivyo Amin alikosea kwanza. Inakataza kuingilia mambo ya ndani ya wengine, hivyo kwenye mkutano wa OAU wa Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu. Hoja ya Nyerere ilikuwa kwamba vita ni viwili: Tanzania inajibu uvamizi, Waganda wanamng'oa Amin. Ni hoja nzuri hadi Lukaya. Baada ya hapo kazi kubwa ilikuwa ya JWTZ.

Kilichokosekana zaidi ni mpango wa kutoka. Lule aliapishwa Aprili 13, akaondolewa Juni 20. Uganda haikuwa na jeshi wala polisi wa kutegemewa, kwa hiyo askari wetu wakageuka walinzi wa mji wakati hazina yetu imekauka. Wengi walibaki hadi uchaguzi wa Desemba 1980 upite.