Mota ya waipa kwenye mashine ya kupumulia

Habari wakuu. Mwaka 2020 chuo kilipofungwa kwa korona, tulikuwa wanne kwenye gereji ya mjomba hapa Katwe, Kampala. Tuliunda mkono wa mbao, mota ya waipa ya Corolla na betri ya gari, ukawa unakamua ambu begi (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, ambao kwa kawaida hukamuliwa kwa mkono) mara 15 kwa dakika. Saa ya tatu ya kufanya kazi, mota ikanuka kuungua. Juzi nimeutoa stoo. Nianzie wapi?

Fundi Umeme, Jinja: Waipa si ya kukesha, gia zake za plastiki zinalika. Weka mota ya stepa, ile inayozunguka hatua kwa hatua. Mbao nayo? Itavimba masika.

Nesi, Mbale: Mdogo wangu, mota baadaye. Mtu wa kilo 60 na kimo cha kawaida anahitaji kama mililita 360 hadi 480 kwa pumzi moja. Yako inatoa ngapi? Vali ya kupunguza presha ipo? Mgonjwa akikohoa huku mkono unasukuma, pafu linaweza kupasuka. Na mrija wa hewa wa mgonjwa ukichomoka saa tisa usiku, nani atajua?

Muulizaji: Vali hatukuweka, dada. King'ora… tulikuwa tunapokezana kukaa macho.

Nesi, Mbale: Basi king'ora kwanza. Hata Chuo Kikuu cha Makerere na kampuni ya magari ya Kiira Motors walipounda mashine ya kupumulia ya Bulamu, walishirikiana na watu wa afya. Mrija mnatumia wa kipimo gani?