Umeme umefika elfu 81 kwa mwezi, vyumba viwili tu: fundi, mita ya kuchomeka, mita ndogo au nihame?

Mpangaji wa Bwiru
Wakuu, habari za jioni. Nimepanga Bwiru hapa Mwanza, ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule. Tupo mimi, mke na mtoto wa miaka minne. LUKU (mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia) ni yangu peke yangu, sichangii na mtu. Mwaka jana wote umeme wa elfu 35 ulikuwa unanivusha mwezi, ukizidi sana 38. Machi ghafla ikawa 74, Aprili 81. Hatujaongeza kitu. Friji ileile, televisheni ileile, pasi mara mbili kwa wiki, jagi la umeme asubuhi. Hita ya bafuni hatuna, tunaoga maji kama bomba lilivyoyaleta kutoka ziwani.

Nimeshauriwa njia nne na kila aliyenishauri anaapia ya kwake:
– kumlipa fundi akague nyumba nzima (niliyempigia anataka elfu 50)
– kununua kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi
– kumwambia mwenye nyumba aweke mita ndogo
– kuhama

Waliowahi kupita hapa nisaidieni, ipi inalipa? Mke wangu ameshaanza kunizimia taa nikiwa nasoma.

Mabatini Chini
Mita ndogo mkuu, usifikirie mara mbili. Sisi tulikuwa wapangaji watano kwenye LUKU moja, kila tarehe moja ni ugomvi. Jamaa wa chumba cha nne anachomelea redio, akiulizwa anasema yeye ana balbu moja tu. Tulichanga, kila mlango ukawekewa mita yake, tukawa tunasoma Jumapili na kugawana kwa yuniti. Ugomvi ukaisha wiki ileile, na yule wa redio akahama mwenyewe.

Kijana wa Kirumba
Mabatini, umesoma lakini? Ameandika LUKU ni yake peke yake. Mita ndogo itamwambia kitu ambacho ile kubwa inamwambia tayari.

Mkuu wa Bwiru, mimi ningeanza na kimita cha kuchomeka. Nilinunua cha elfu 25 pale mjini, nikakizungusha nyumba nzima siku nne. Nilikuta friji langu la mtumba linakula yuniti 3 kwa siku peke yake! Yaani zaidi ya elfu moja kila siku ya Mungu kwa ajili ya maji baridi na nyanya sita. Nililiuza.

Mzee wa Mawe
Mwangaluka vijana. Kabla ya yote toa risiti ya manunuzi ya kwanza ya mwezi uangalie kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Lakini ninyi mko kwenye ghorofa, na huko ni 7,500 kwa kila sakafu kwa mwezi. Jengo la sakafu tatu ni 22,500. Kama mwenye nyumba ameielekeza kwenye mita yako, hapo ndipo hela yako inapoyeyukia, utaita mafundi mpaka wa Geita hawataona kitu.

Mpangaji wa Bwiru
Shikamoo mzee. Nimepekua meseji zote za tokeni tangu Januari. Kodi ya jengo haipo, kumbe inakatwa kwenye LUKU ya mwenye nyumba kule chini. Nilichoona ni bei tu: elfu 10 inaleta yuniti 28 kasoro kidogo sana au kupita kidogo.

Sato Mbichi
Si uombe kuingizwa kwenye lile kundi la chini? Bibi yangu Igombe elfu 5 anapata yuniti karibu 41.

Fundi Igoma
Dada Sato, lile ni D1, la wanaotumia yuniti 75 au pungufu kwa mwezi. Bibi ana balbu tatu na chaja ya simu, anastahili. Kule yuniti ni shilingi 100, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1 inakuwa 122. Huyu ndugu yuko T1, kundi la matumizi ya kawaida, 292 kabla ya makato, 356 na senti baada ya makato. Gawanya elfu 81 kwa 356 uone: yuniti 227. Ni saba na nusu kwa siku. Mwanzo alikuwa anatumia tatu na kidogo. Kwa hiyo bei haijabadilika, umeme wenyewe unakwenda mahali. Yuniti nne kila siku siyo chaja ya simu.

Sasa kuhusu zile njia. Mimi ni fundi na ningependa ule elfu 50, ila nitakwambia ukweli. Kimita cha kuchomeka kinaona kile tu kilichochomekwa juu yake. Hakioni taa za darini, hakioni hita iliyofungwa moja kwa moja, hakioni waya unaovuja ndani ya ukuta, na hakimwoni mtu aliyejiunganishia kwako. Fundi naye akija saa nne asubuhi atakuta kila kitu kimya, atapiga mega (kile kipimo cha nyaya zinazovuja), atasema nyaya ziko salama, atachukua hela. Siyo mwizi, ila amekuja saa ambayo tatizo limelala.

Fanya hivi, bure. Andika yuniti zilizobaki saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu usiku, kabla hujalala, shusha meinswichi ya ndani kwako, yaani nyumba nzima giza, halafu nenda kwenye mita uangalie kile kitaa chekundu kinachopepesa. Kikitulia kabisa, mlaji yuko ndani kwako. Kikiendelea kupepesa wakati kwako giza, mlaji yuko nje. Hesabu kinapepesa mara ngapi kwa dakika moja ulete majibu hapa. Soma pia usoni mwa mita imeandikwa imp ngapi kwa kWh, yaani mapepeso mangapi kwa yuniti moja.

Na tafadhali, usiguse sili wala kufungua mita. Kuiangalia ni haki yako, kuifungua ni kesi.

Mama Mwaloni
Hilo la fundi la kuandika asubuhi na jioni msilidharau. Mimi ninauza samaki, nina mafriza mawili nyumbani Kitangiri. Daftari la umeme linakaa juu ya friza na kalamu imefungwa kwa uzi, kwa sababu ukiiacha wazi watoto wanaenda nayo shule. Nilijua mpira wa mlango umekufa kabla hata barafu haijaanza kulia, kwa sababu ya namba tu: usiku nisipofungua friza nilikuwa natumia yuniti 2, zikawa 3 na nusu.

Kujaribu mpira ni rahisi, weka noti ya elfu moja mlangoni, funga, ivute. Ikikatalia, mpira mzima. Ikitoka kama unaichomoa kwenye kitabu, badilisha.

Kijana wa Kirumba
Mama, sasa mimi niliyeuza friji kwa hasara nifanyeje 😂

Mama Mwaloni
Nunua nyanya chache mwanangu.

Nyegezi Stendi
Mimi nasema ahame. Nimewahi kukaa nyumba ya hivyo, miezi sita nahangaika na umeme, mwisho nikagundua mwenye nyumba anajua kila kitu. Kodi ya nyumba ilikuwa rahisi kwa laki moja kuliko jirani, kumbe tofauti nailipa kwenye LUKU.

Fundi Igoma
Kuhama ni dalali wa mwezi mmoja, kodi ya miezi mitatu au sita mbele, na gari la kubebea vitu kupandisha kwenye mawe yenu. Apime kwanza, usiku mmoja tu.

Mpangaji wa Bwiru
Wakuu nimerudi. Siku tatu zimepita, daftari hili hapa:

Mchana wastani yuniti 2.6
Usiku wastani yuniti 5

Usiku! Wakati tumelala! Mtoto analala saa mbili, sisi saa nne, televisheni imezimwa, kinachobaki ni friji na balbu ya baraza.

Jana saa tano na nusu usiku nikashusha meinswichi. Mke kashika tochi ya simu dirishani, mimi nikashuka. Mita zetu ziko sita, zimepangwa chini ya ngazi. Tano zinapepesa kila moja na mwendo wake. Ya kwangu, kwangu kukiwa giza totoro, pa... pa... pa... Nimehesabu dakika tatu: 9, 9, 9. Hata haibadiliki. Imeandikwa 1000 imp/kWh.

Nilisimama pale mwili umenisisimka, nisiseme uongo.

Fundi Igoma
Safi sana. Mita ya 1000, kila pepesa moja ni wati-saa moja. Tisa kwa dakika, mara 60, ni wati 540. Na kwa kuwa haibadiliki hata kidogo, hiyo siyo nyumba ya mtu anayewasha na kuzima. Hiyo ni mota. Nusu farasi hivi. Ukisikiliza jengo lenu usiku, kuna pampu?

Mzee wa Mawe
Bwiru maji yanapanda kwa pampu, fundi, umepiga penyewe. Huku mlimani bomba likitoka linatoka usiku, yanaingia kisima cha chini, halafu yanasukumwa kwenye simtanki juu.

Mpangaji wa Bwiru
Mzee, fundi, ninyi mmekaa jengo hili? Pampu ipo, iko nyuma, kwenye kibanda cha bati karibu na jiwe kubwa. Ilibadilishwa mwishoni mwa Februari. Machi ndipo umeme ulipopanda. Naenda sasa hivi.

Fundi Igoma
Usikate waya! Nenda na shahidi, piga video na saa ionekane, zima swichi ya pampu tu, mtu mwingine aangalie mita.

Mpangaji wa Bwiru
Nimemchukua mwalimu wa chumba cha chini kuwa shahidi. Tumefika kibandani saa sita kasoro. Pampu inaunguruma. Nikabonyeza swichi, ikanyamaza, mke akapiga simu kutoka kwenye ngazi: "Imetulia." Nikawasha: "Imeanza." Nikazima: "Imetulia." Tumefanya mara nne kama watoto na kengele ya shule.

Halafu kilichonimaliza nguvu. Tuliponyamaza tukasikia maji. Simtanki la juu limejaa, linamwagika, maji yanateremka kwenye mawe mpaka mtaroni, na vyura wameshafanya makazi pale. Boya la kukata pampu halifanyi kazi. Kumbe pampu inasukuma tangu bomba linapotoka mpaka kisima kinapokauka alfajiri, nusu ya kazi yake ni kuwanyweshea vyura. Mwalimu anasema aliona ule unyevu akadhani ni chemchemi.

Asubuhi tumempigia mama mwenye nyumba. Amekuja na fundi wake. Fundi amekiri: siku ya kufunga pampu mpya, LUKU ya ngazi na pampu ilikuwa imeisha yuniti, akataka kuijaribu, akachukua umeme kwenye mita ya jirani yake, yaani yangu, "kwa muda". Akasahau kurudisha. Miezi miwili na ushee.

Nyegezi Stendi
Amesahau 😂 Haya.

Fundi Igoma
Inawezekana kweli. Nimeona mabaya zaidi. Ila akirudisha hakikisha unapima tena usiku huohuo, na boya libadilishwe, la sivyo wapangaji wote mtalipa hao vyura kwa kuchanga.

Sato Mbichi
Na hela yako?

Mpangaji wa Bwiru
Nimepiga hesabu: wati 540 kwa saa kama sita kila usiku ni yuniti 3 na robo hivi, kwa mwezi elfu 35 kasoro. Miezi miwili elfu 70. Mama kasema atakata elfu 50 kwenye kodi ijayo, na boya jipya ananunua yeye. Nimekubali. Mwalimu ananiambia ningekomaa kwenye 70, lakini bado naishi pale, na ufunguo wa geti anao mama.

Ila hesabu haikufungana. Nilikuwa natumia yuniti tatu na robo, sasa saba na nusu. Pampu inachukua tatu na robo. Imebaki yuniti moja haina mwenyewe. Nikakumbuka noti ya Mama Mwaloni. Nimeiweka mlango wa friji upande wa juu, ikashika. Upande wa chini, kwenye bawaba, haikungoja hata niivute. Imeanguka yenyewe.

Kwa hiyo pampu ni ya mama, mpira ni wangu. Mke amecheka sana, maana ni mimi niliyegongesha hilo friji ukutani tulipopaka rangi mwezi wa pili.

Mama Mwaloni
Uliza mafundi friji wa Makoroboi, nenda na kipimo cha mlango, usinunue kwa kukisia. Kama mpira haujachanika, jaribu kwanza kuulainisha kwa maji ya moto, ukae sawa. Mara nyingine unarudi.

Mpangaji wa Bwiru
Umerudi mama! Nimeupaka maji ya moto kwa kitambaa, nimebana mlango na kiti usiku kucha. Noti sasa inashika pande zote. Usiku wa jana yuniti 1.3. Boya jipya nalo limefungwa, nimepanda mwenyewe juu kulishuhudia likikata.

Kijana wa Kirumba
Wakuu, na mimi nimeshusha meinswichi kwa udadisi tu. Mita yangu inapepesa mara tatu kwa dakika. Nyumba giza. Friji niliuza. Hiyo ni nini sasa?

Fundi Igoma
Soma kwanza usoni imeandikwa imp ngapi. Halafu chukua tochi na jirani mmoja.