Hema la Babu: safari ya Desemba

Mjomba, 19:04
Jamani, safari ya kupiga kambi Hifadhi ya Hell's Gate iko palepale, Ijumaa hadi Jumapili. Ni safari ya kwanza bila Babu, na orodha yake yote ilikuwa kichwani. Kila anayejua kipande akimwage hapa, nitanakili kwenye daftari la kikundi.

Shangazi, 19:06
Pesa kwanza. Msitume mchango kwa laini ya marehemu! Ikiingia huko inahesabiwa mali yake, na haitoki bila karatasi za mirathi. Tumeni kwa akaunti ya kikundi.

Mjomba, 19:11
Sawa Shangazi. Sasa hema kubwa. Ni turubai la pamba, si nailoni, na lina adabu zake. Kamba ni za katani: zikilowa zinafupika na kukaza, usiku wa mvua zinang'oa mambo (vigingi vya hema). Kabla ya kulala legezeni kila kamba vidole vinne, asubuhi mkaze tena. Mvua ikinyesha mtoto asiguse kitambaa kwa ndani, maji yatapenya papo hapo alipogusa.

Binamu wa Umoja, 19:13
Mambo yenyewe mafupi, Mjomba. Udongo wa kule ni majivu ya volkano, mwepesi, haushiki. Fundi wa Kamukunji akate nondo ya milimita 10, vipande vya sentimita 45, kichwa akipinde kama ndoano. Nondo moja ya mita 12 inatoa 26. Tunahitaji 16, zingine akiba.

Mjomba, 19:14
Na mkipigilia, kichwa kielekee nje ya hema. Ukisimamisha wima kamba inachomoa kama karoti 😅

Mama Mdogo, 19:15
Na mtu asilifue kwa sabuni ya unga, inaondoa kinga ya maji. Brashi kavu, basi. Likirudi likauke kabisa kabla ya kukunjwa. Yale madoa meusi pembeni ni ukungu wa kukunjwa bichi.

Mama Mdogo, 19:18
Maji: watu 24, lita 5 kwa mtu kwa siku, siku mbili. Lita 240, yaani mitungi 12 ya lita 20. Hiyo ni kilo 240, kwa hivyo kila gari kati ya yale matatu libebe minne. Mtungi uliowahi kuwekwa mafuta ya kupikia usiletwe, harufu haitoki.

Binamu wa Umoja, 19:19
Vikombe vya kutupa je? Bado kuna katoni stoo.

Mama Mdogo, 19:20
Viache hapo. Plastiki za kutumika mara moja ni marufuku hifadhini tangu 5 Juni 2020. Kila mtu na kikombe chake cha bati.

Binamu wa Umoja, 19:24
Na tunashuka kwenye lile bonde jembamba, korongo, Jumamosi asubuhi kama kawaida?

Shangazi, 19:27
Hapo ndipo mimi nasema desturi ibadilike. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba humo. Si lazima mvua iwanyeshee ninyi. Inanyesha mbali, maji yanashuka kwenye kuta zile nyembamba na hakuna pa kukimbilia. Wingu zito upande wowote, hatuingii. Askari wa hifadhi akikataa, hakuna mjadala. Watoto wapande baiskeli hadi Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba.

Mjomba, 19:28
Naandika. Nyanya, na moto?

Nyanya, 19:36
Moto unawashwa na mtoto mdogo kuliko wote, njiti moja tu. Haikuwa bahati, wanangu. Babu yenu alikuwa anaficha maganda makavu ya machungwa chini ya vijiti. Mafuta ya ganda ndiyo yanashika. Yanataka jua wiki mbili, anzeni sasa. Kuni nunueni, msiokote ndani ya hifadhi.

Binamu wa Umoja, 19:37
Kumbe!! 😂

Mjomba, 19:38
Kiti chake tubebe?

Nyanya, 19:41
Bebeni, na kikaliwe. Kwanza kazeni skrubu ya mguu wa kushoto, inalegea kikikunjwa.