Fundi wa pale kona kanifungia bloofu kwenye mpira wa ekilina, halafu ananiuliza nataka gari au filimbi

Wakuu natetemeka kwa hasira, naandika kwa kidole kimoja kingine kina grisi. Yule fundi wa pale kona, simtaji, mnamjua, yule wa kofia. Nimempelekea Forester yangu ya tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa kwa presha, anifungie bloofu, ile valvu ya kuachia upepo wa tabo kwa mlio wa pshii, kazi ya saa moja, kakaa nayo toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi, narudi naikuta kaifunga kwenye mpira unaotoka ekilina, yaani chujio la hewa, kwenda kwenye tabo. KABLA ya tabo jamani! Pale kuna presha gani, hata mshumaa hauzimi. Namwambia kwa adabu zote, fundi hii inakaa baada ya intakula (kipoza hewa ya tabo), karibu na throto (kilango cha hewa ya injini), ili ukiachia mafuta throto ikafunga ule upepo upate pa kutokea. Akanigeukia, mbele ya watu, mbele ya muuza kahawa: "Dogo, unataka gari au unataka filimbi?"

FILIMBI. Muuza kahawa kacheka mpaka kaangusha vikombe.

Toka pale mpaka Kimara limezima mara nne, sailensa, ule mngurumo wa injini gari ikiwa imesimama, inapanda inashuka kama mgonjwa wa pumu, kumbe lile dude gari ikiwa sailensa linafunguka linavuta vumbi lote la Morogoro Road bila chujio. Elfu themanini yangu. Halafu eti filimbi?

Kitasa: ila mkuu kwani ulikuwa unataka nini kama sio filimbi 😂

Mzee wa Gia: Dogo, Forester inayo ya kiwandani, ipo ubavuni mwa intakula, inarudisha hewa kwenye mpira wa kuingilia tabo. Hiyo hewa sensa imeshaipima, hata ungeifunga unapotaka wewe, ukiimwaga nje kompyuta inaendelea kupiga petroli ya hewa ambayo haipo, ndo moshi mweusi na kuzima zima. Umetoa kizuri umeweka kelele.

Mtu wa Kimara: Mzee nakuheshimu ila hoja sio hiyo. Hoja ni kuniita filimbi mbele ya watu

Kitasa: hajakuita, kakuuliza. Na hujajibu mpaka leo

Dada Vitz: Huyohuyo nimemlipa plagi nne mpya, wiki ya pili fundi mwingine anafungua ni zilezile za zamani kazipiga msasa!!

Mtoto wa Tandika: wakuu Prado ya dizeli inafungwa wapi

Mzee wa Gia: Dizeli nyingi za zamani hazina throto ya kufunga, hakuna upepo wa kugonga ukuta. Tulia na Prado yako.

Dada Vitz: Afadhali hata fundi, wale vijana wa kuosha magari wanasogeza kiti mpaka nyuma, redio singeli sauti ya mwisho, jioni betri imelala

Kitasa: na chenji za kwenye droo hawaachi

Mtu wa Kimara: jamani turudi kwenye mada

Mtoto wa Tandika: mimi walikula mpaka karanga

Dada Vitz: za kuchemsha au za kukaanga?