Mjadala: Kupiga mbizi baharini Australia ni bei ya kuruka. Tunalipia usalama, mishahara au tamaa?

Mleta mada, Brisbane

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja, maana limenikaa moyoni tangu likizo iliyopita.

Mimi ni mtu wa Tanga, kuzamia nilijifunza nyumbani, na hapa Queensland huu ni mwaka wangu wa 6. Likizo nilimchukua binti yangu wa miaka 16 tukapanda ndege mpaka Cairns, akauone kwa macho yake mwamba wa matumbawe wa Great Barrier Reef anaosomeshwa shuleni kila mwaka. Siku moja, mbizi mbili, vifaa vya kukodi: zaidi ya dola 300 za Australia kwa kichwa. Kwa pesa ya Tanzania unaikaribia laki tano, na hapo sijataja nauli wala chumba. Zile boti za kulala baharini siku tatu ndiyo usiseme, dola 1,000 unaivuka.

Nililipa na sijutii nilichokiona chini. Kinachoniuma ni kingine. Jioni tuliporudi, dada mmoja aliyekuwa anakunja mashuka pale tulipofikia alimwuliza binti yangu huko kwenye mwamba kukoje. Amezaliwa Cairns, ana miaka zaidi ya 40, hajawahi kufika. Mwamba ule una sheria yake ya hifadhi tangu 1975, umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, unalindwa kwa kodi ya huyo dada. Kuuona ndiyo hawezi.

Msimamo wangu: bei ile haiwezi kuwa gharama tupu. Kuna mtu anakula hapo katikati. Atakayenipinga aje na hesabu.

Mchangiaji, Cairns

Mkuu, nakupinga, na hesabu ninazo kwa sababu boti hizo ndizo zinazonilisha. Nafanya kazi sitahani.

Kwanza, mwamba hauko mbele ya hoteli. Ukisimama ufukweni Cairns mjini maji yametoka, unaona tope na ndege. Mwamba wa nje uko kilomita 50 hivi, boti ya kasi inatumia kama dakika 90 kwenda na nyingine 90 kurudi. Injini zinakunywa dizeli ile ile, wawe abiria 80 au 20. Osprey Reef, huko wanakokwenda kutafuta papa, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Ndiyo maana lazima ulale baharini.

Halafu mikono ya watu. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara Australia kilipanda kikawa dola 24.95 kwa saa. Kibarua anaongezewa asilimia 25 kwa kuwa hana likizo ya malipo, mwajiri anaweka asilimia 12 ya pensheni juu yake, na Jumapili na sikukuu kiwango kinapanda tena. Saa 12 asubuhi tuko gatini tunapakia, na jioni abiria wakishashuka bado tunasuuza suti za kuzamia na mitungi ya hewa kwa maji yasiyo na chumvi, kipande kimoja kimoja. Zidisha hizo saa kwa watu wa boti nzima.

Sasa nikuoneshe kitu ambacho abiria hakioni. Boti haiondoki kwenye mwamba mpaka vichwa vihesabiwe. Kwetu wanahesabu wawili, kila mmoja peke yake, na hesabu zisipofanana nahodha hagusi usukani. Kila mzamiaji akipanda ngazi, maji bado yanamchuruzika, anakuta ubao wenye jina lake: ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, kina gani, hewa imebaki kiasi gani. Anatia saini mwenyewe. Kumsainia mkeo hairuhusiwi. Na huko juu kuna mwenzetu ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Hagawi chakula, hapigi picha, anatazama maji.

Wapo wanaonung'unika kwamba tunawahesabu kama mbuzi. Januari 1998, mume na mke kutoka Marekani waliachwa kwenye mwamba wa St Crispin Reef na boti iliyoondoka ikiamini watu wote wamepanda. Siku mbili zilipita kabla ya mtu kushtuka, mizigo yao ilipokutwa ndani ya boti. Hawakupatikana tena. Kanuni za Queensland zilikazwa baada ya hapo, na mwaka 2011 michezo ya majini ikatungiwa sheria yake. Yule mtazamaji wa juu analipwa kwa saa kama mimi. Ukimtoa, bei inashuka. Mimi simtoi.

Ongeza haya: mtungi wa hewa hapa unapimwa kwa shinikizo la maji kila mwaka, Marekani ni kila miaka 5. Mwalimu wa mbizi anapimwa afya na daktari kila mwaka. Na Desemba 2023 kilipopiga kimbunga Jasper, mji ulijaa maji, mpaka uwanja wa ndege ukafungwa, tena msimu wa Krismasi. Boti zikalala. Bima na mkopo wa boti havikulala.

Na ile ada ya hifadhi anayotozwa kila mgeni, ambayo watu huitupia lawama, haifiki dola 10 kwa siku.

Mchangiaji, Townsville

Naunga mkono suala la usalama. Ila ndugu yangu wa Cairns kataja yale yanayompendeza.

Tazama unachouziwa. Boti kubwa inakuuzia kiti, chakula cha mchana cha kujipakulia, chai na keki, safari ya chombo chenye sakafu ya kioo, maelezo ya mtaalamu, vyote ndani ya bei moja. Mimi nimekuja kuzamia. Nina suti yangu, nina mkate wangu. Nikisema nipunguzieni chakula, naambiwa bei ni hiyo hiyo. Hapo silipii mtazamaji wa juu, nalipia keki.

La pili ni vibali. Hakuna anayejiendea tu na boti akaanza biashara kwenye mwamba, lazima awe na kibali cha mamlaka ya hifadhi, na wenye viwango vya juu wanapewa cha miaka 15 au zaidi. Kwa matumbawe ni jambo jema, nakubali kabisa, nanga zikitupwa ovyo mwamba unakwisha. Lakini anayetaka kuanza na boti moja ndogo, kwa bei ndogo, mlango wake ni mwembamba. Penye wauzaji wachache bei haishuki, iwe samaki iwe safari.

Mchangiaji, Sydney

Mimi wa Mombasa. Kaka, kuzamia Australia si Cairns peke yake! Hapa Sydney nazamia Cabbage Tree Bay, upande wa Manly, hifadhi tangu 2002. Nakodi mtungi, navuka mchanga naingia. Boti hakuna, nahodha hakuna. Yuko samaki mmoja wa buluu, mnene, kimo cha mtoto wa darasa la pili, anakufuata nyuma kama anakujua. Baridi ndiyo adui, Septemba maji yanashuka nyuzi 16 hivi, suti nyembamba ya pwani yetu haifai kitu. Wewe uko Brisbane, nenda Gold Coast Seaway, ule mlango wa bahari, maji yakiwa yamejaa na kutulia. Ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari.

Mchangiaji, Perth

Naomba niongeze la magharibi, kwa sababu nimekulia Mafia na pande zote mbili nimeziona.

Nyumbani, kati ya Oktoba na Machi, papa potwe, yule papa mkubwa mpole, anakuja kula karibu kabisa na Kilindoni. Unapanda boti ya mvuvi, mtu mmoja anasimama omoni anaangalia kivuli majini, mkimwona mnaruka. Pesa yake ni ya kawaida. Huku Ningaloo, mwamba wetu wa magharibi, samaki ni huyo huyo, na bei inavuka dola 400. Kwa nini? Kwa sababu anatafutwa kwa ndege. Ndege ndogo inazunguka juu, rubani anaongea na nahodha kwa redio, boti inafuata. Fikiria umekodi boti na ndege siku moja.

Nilipokuja nililaani kama mleta mada. Halafu nikaona wanavyoingia majini: watu 10 tu kwa mara moja, wengine wanangoja zamu, ukimsogelea samaki unaambiwa urudi. Kwetu nimeshuhudia boti nyingi zikimzunguka mmoja mpaka anazama na harudi. Watu wangu nawapenda, na hili nawaambia kwa uchungu: ile bei ndogo kuna siku analipia papa potwe.

Ila pale Coral Bay mwamba uko hatua chache kutoka mchangani. Miwani na mapezi tu, unauona bure. Cairns jiografia imewanyima hilo.

Mleta mada

Wakuu, ahsanteni. Nimesoma yote mara mbili, mengine nimemsomea binti yangu.

Kuhusu mtazamaji na ubao wa saini nimeshindwa, nasema wazi. Siku ile binti yangu alitoka majini dakika mbili baada yangu, na hizo dakika mbili nilikuwa namtazama yule kijana wa juu kuliko nilivyotazama maji. Yeye ndiye aliyemwona kwanza. Nilikuwa nimesahau mpaka nilipokusoma. Kwa hiyo ile kauli ya kwamba kuna mtu anakula, naiondoa kwa upande wa wafanyakazi. Kwenye keki na vibali nabaki na ndugu wa Townsville.

Jumamosi ijayo tunakwenda Seaway.

Ila yule dada wa mashuka hamjamjibu. Kumwambia aende Sydney si jibu, mwamba uko kwao. Serikali inayokusanya ada kwa kila mgeni ishindwe vipi kumlipia kila mtoto wa shule wa Cairns na Townsville kiti kimoja kabla hajamaliza masomo? Nataka nikuulize wewe wa sitahani, maana wewe unajua: Februari, katikati ya wiki, mvua inanyesha, wageni wameondoka. Viti vingapi vinakwenda vitupu?

Mchangiaji, Cairns

Februari? Siku nyingine nusu ya boti. Mafuta yale yale, na mtazamaji yuko juu.

Suala la watoto wa shule nitalipeleka kwa nahodha wetu, siwezi kuahidi zaidi ya hapo. Kuhusu huyo dada, nitumie pembeni jina la nyumba mliyofikia.