Msaada: Kundi letu limepangiwa iodini (madini joto), jaribio halitoi rangi

Binti_F2
Habari wakuu. Mradi wa kemia kidato cha pili: kila kundi lina elementi moja, linatafiti, linachora bango la manila na kuwasilisha dakika 10 pamoja na jaribio dogo. Sisi tuna iodini. Tumefuata jaribio la mtandaoni la kupima madini joto kwenye chumvi: chumvi, maji ya wanga, siki na haidrojeni peroksaidi. Chumvi ni ya pakiti, imeandikwa ina madini joto, lakini bluu haionekani. Chumvi ni feki? Na bango tuweke nini?

Mwl_Neli
Chumvi yenu haina kosa. Jaribio hilo limetungwa kwa chumvi yenye potasiamu iodaidi (KI). Ya kwetu hutiwa potasiamu iodeti (KIO₃), maana iodaidi ikipigwa na joto na unyevunyevu hugeuka iodini na kuruka hewani. Kazi ya peroksaidi ni kuinyang'anya iodaidi elektroni ili itoke iodini, ambayo ndiyo hugeuza wanga kuwa bluu. Iodeti imeshanyang'anywa zamani, inachohitaji ni kupewa, na wa kuipa ni KI.

Ombeni maabara gramu 1 ya KI na asidi ya salfuriki ya 1 M (mola moja kwa lita), mililita 10 zinatosha.

Wanga: koroga nusu kijiko cha chai cha unga wa muhogo kwenye maji baridi kidogo, mimina ndani ya mililita 100 za maji yanayochemka, acha dakika moja, kisha ipoe kabisa. Wanga wa moto hautoi bluu, na uliolala siku mbili umeshaharibika. KI yote iyeyusheni kwenye mililita 20 za maji.

Sasa vijiko viwili vya chai vya chumvi kwenye mililita 30 za maji. Ongeza mililita 2 za wanga, mililita 1 ya KI, halafu matone 10 ya asidi yawe ya mwisho. Bluu nzito hutokea ndani ya sekunde chache. Asidi ikikosekana, siki nyeupe mililita 5 inafaa, ila ipeni nusu dakika.

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

Mlinganyo huu ndio ukae katikati ya bango, kwa herufi kubwa.

Pangeni bika tatu: chumvi ya pakiti, chumvi ya mawe ya sokoni isiyotiwa kitu, na maji matupu. Hiyo ya tatu wengi huiruka, na ndiyo inayowalinda. Ikigeuka bluu mapema, ama KI ni ya zamani (myeyusho una umanjano), ama mmetumia maji ya bomba yenye klorini. Tumieni maji yaliyokenekwa. Someni majibu ndani ya dakika moja, kwa sababu oksijeni ya hewani nayo huitoa iodini polepole kwenye KI iliyotiwa asidi, na mkichelewa bika zote zitafanana.

Binti_F2
Asante sana mwalimu. Siki ikikosekana, ndimu inaweza kushika nafasi yake?

Mwl_Neli
Hapana. Ndimu ina vitamini C, nayo huirudisha iodini kuwa iodaidi, rangi inapotea. Ila fungeni wasilisho kwa hilo: mkishamaliza kusoma majibu, tieni kidonge cha vitamini C kilichosagwa kwenye bika ya bluu na mkoroge. Bluu itapotea mbele ya macho yao.

Mkemia_wa_Tanga
Upande wa bango, msijaze takwimu zote mlizoziona. Namba atomia 53, masi 127, kundi la 17, kipindi cha 5, elektroni 2:8:18:18:7, basi. Jiandaeni kwa swali la teluri, elementi jirani: masi yake ni 127.6, kubwa kuliko ya iodini, na bado kwenye jedwali la elementi iko kabla yake. Mendeleev, mkemia Mrusi aliyepanga jedwali hilo, aliiweka hivyo kwa kufuata tabia za kikemia. Sababu yenyewe ni namba atomia, 52 kwa 53.

Historia sentensi mbili: Bernard Courtois, Ufaransa, 1811, alitia asidi ya salfuriki kwenye majivu ya mwani, ukatoka mvuke wa zambarau. Leo iodini nyingi hutoka Chile na Japani. Msiandike kwamba chumvi ya bahari ina madini joto ya kutosha kwa kuwa mwani unayo. Mwani huyakusanya, chumvi hubaki na kidogo mno.

Afya ielezeni kwa hesabu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo, gramu 5 zinatoa hizo 150. Zikipungua kwa muda mrefu, tezi ya shingo huvimba, ndiyo goita.

Kosa lililozoeleka: "iodini haiyeyuki, hugeuka mvuke moja kwa moja". Inayeyuka kwa nyuzi 113.7 na kuchemka kwa 184.3. Mkitaka kuonyesha mvuke, punje moja ndogo kwenye neli iliyofungwa kizibo, ichovyeni kwenye maji ya moto kama nyuzi 60, nyuma muweke karatasi nyeupe. Msichome punje wazi, mvuke unaunguza macho na koo. Na iodini isikaribiane na amonia kabisa, hutoa kitu kinacholipuka kikikauka.

Doa la iodini likiingia kwenye shati la sare, paka maji ya vitamini C kabla ya sabuni.